Wimbo wa "utekelezaji"

Kila mjadala wa tabianchi redioni huishia pale pale. Mtangazaji anauliza mbona mafuriko yametukuta tena tumelala, mheshimiwa anakohoa kidogo, kisha: "Sheria tunazo nzuri sana, tatizo ni utekelezaji." Wasikilizaji wanapiga simu kuunga mkono. Hata mwanaharakati aliyeletwa kumbana anaitikia. Mimi siitikii.

Kauli hiyo ina raha yake. Aliyetunga sheria anaondoka na sifa, na lawama anatwikwa ofisa fulani asiye na jina huko kaunti. Haya, ichukueni Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya 2016, ile tuliyojigamba nayo Afrika nzima. Imeunda Baraza la tabianchi na kumfanya Rais mwenyekiti. Rais asipoliitisha, nani atamwita Rais? Imeunda na Hazina ya tabianchi, fedha zitoke bungeni na kwa wafadhili. Kiasi gani? Kimya. Sheria iliyoandikwa hivyo ikikaa bure, imetekelezwa kama ilivyoandikwa.

Kisha yakaja marekebisho ya 2023, yaliyotiwa saini Septemba mosi, siku tatu tu kabla ya kongamano la tabianchi la Afrika kufunguliwa Nairobi. Wanasiasa wakazunguka na habari njema: miradi ya kaboni kwenye ardhi itawapa wenyeji asilimia 40! Katika kikao kimoja nilichohudhuria, mzee mmoja alishika nakala iliyofifia ya marekebisho hayo, akaifuata sentensi kwa kidole mpaka nukta. "Na haya maneno ya mwisho?" akauliza. Ofisa akasema muda umekwisha, chai iko tayari.

Maneno ya mwisho yanasema hivi: ni asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za kuendesha biashara. Sasa pigeni hesabu. Mradi umeingiza milioni 100, mwenye mradi akatoa risiti za milioni 90: magari, washauri, wakaguzi, hoteli. Wenyeji wanabaki kugawana milioni 4, na hakuna aliyevunja sheria. Mzee aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Chai hakunywa.

Mtaniambia sheria yoyote ni karatasi bila nia ya kisiasa. Nendeni Lamu. Kwenye mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi nia hiyo ilikuwepo tele, tena ya kuujenga. Lakini Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Sheria ya Tabianchi haikuzingatiwa. Waliopeleka kesi ni wenyeji. Sheria ya mazingira ilikuwa imewapa mlango wa kubisha, na mtu anayelazimika kufungua. Hata hii ya tabianchi ya 2016 ina kipande kama hicho: kifungu cha 23 kinamruhusu mtu kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kuthibitisha kwamba amepata hasara. Aliyeandika hapo alijua anachofanya. Basi hata kwingine walijua.

Mheshimiwa akirudi redioni, nina ombi dogo. Asome kifungu cha Hazina hewani, neno kwa neno, halafu atuonyeshe ni kipi hapo kilichoshindikana kutekelezwa. Na wewe mtangazaji, usiweke tangazo la biashara.