Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Makambako nako kulikuwa na BTP

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo
Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia

YAH: ALAMA ZA MAZOEZI YA KUFUNDISHA KWA WANAFUNZI WA PGDE WALIOPANGWA MKOA WA NJOMBE

Profesa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina la chuo nimeliacha kwa makusudi. Wewe ukisoma utajijua, na kama wakuu wa vyuo vingine wawili watatu nao watajijua, basi barua itakuwa imefika kwa wanaohusika bila gharama ya stempu.

Kosa lenyewe halina maelezo marefu. Wanafunzi wa Stashahada ya Uzamili ya Elimu, hii ambayo wote tunaiita PGDE, walipangiwa shule za sekondari za mkoa wa Njombe kwa ajili ya BTP (Block Teaching Practice), yaani mazoezi ya kufundisha. Wahadhiri walikuja mara moja, wakakagua vipindi katika shule zilizo karibu na stendi ya Njombe mjini, wakageuza gari. Waliopangwa Makambako hawakukaguliwa hata kipindi kimoja. Matokeo yalipotoka, mbele ya BTP paliandikwa kwamba hayajakamilika. Sasa fuata mlolongo huu, Profesa, maana ndio uliotuumiza. Bila alama za BTP hakuna kuhitimu, bila kuhitimu hakuna cheti wala transkripti, na bila karatasi hizo Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi serikalini, haikupokei. Nafasi za walimu zikatangazwa, dirisha la maombi likafunguliwa, dirisha likafungwa, sisi tukiwa bado kwenye foleni ya kukamilishwa. Nasema sisi kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Habari zangu binafsi zinaishia hapo. Kilichobaki ni hoja.

Nianze na jiografia, kwa sababu ndiyo mliyoitoa kama sababu: "mtawanyiko wa vituo." Laiti ningekuwa nazungumzia kata za milimani Makete, au vijiji vya Ludewa vinavyotazama Ziwa Nyasa, ambako mvua ikinyesha mwezi mzima hata diwani hafiki, ningeandika kwa upole zaidi. Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu ya kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia inakutana na barabara ya Njombe na Songea. Hapo reli ya TAZARA imepita tangu miaka ya 1970. Kutoka hapo hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60 za lami, na lami hiyo si ya juzi. Mabasi ya Mbeya, ya Tunduma na ya Songea yote yanapita. Malori ya Zambia na Kongo yanaiona Makambako usiku na mchana. Mhadhiri peke yake ndiye aliyeikosa. Kama tatizo lilikuwa baridi ya Juni na Julai mngesema mapema, makoti ya mitumba yapo tele sokoni na tungewachangia.

Lakini niache kejeli, kwa sababu hoja kubwa haiko kwenye umbali. Iko kwenye maana ya kozi yenyewe. PGDE ni kozi ya mtu ambaye tayari ana shahada. Anakuja akiwa na kemia yake, hisabati yake, kilimo chake au historia yake, na hahitaji kufundishwa upya asidi na besi. Falsafa ya elimu anaweza kuisoma mwenyewe, saikolojia ya mtoto vilevile, na chuo kinalijua hilo, ndiyo maana masomo hayo yamebanwa katika muda mfupi. Kitu kimoja tu hawezi kujifundisha peke yake, nacho ni kusimama mbele ya darasa huku mtu anayejua kazi amekaa dawati la nyuma akimtazama.

Tazama kinachofanyika pale nyuma. Mkaguzi anaanza na andalio la somo: hatua, muda, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, upimaji. Kwenye karatasi mambo ni mazuri, dakika tano za utangulizi, kisha maarifa mapya, kisha kuimarisha. Halafu anatazama kinachotokea kweli. Anaona kwamba mwalimu mwanafunzi anazungumza na ubao. Anaona maswali yote yanakwenda kwa safu ya mbele, kwa wale wale wanaonyoosha mikono, na wasichana walio pembeni hawajaitwa hata mara moja. Anasikia "mmeelewa?" ikijibiwa na "ndiyooo" ya darasa zima, na anajua kwamba hiyo si upimaji, ni heshima tu. Kipindi kikiisha wanakaa chini ya mti au kwenye kona ya ofisi ya walimu, wanapitia fomu kipengele kwa kipengele. Wengi wanakuwa walimu pale, si kwenye ukumbi wa mihadhara. Chuo kinachopeleka watu BTP na kisiwakague kimepokea ada ya kozi kikatoa mihadhara tu.

Nchi hii ina kumbukumbu juu ya jambo hili, na kumbukumbu hizo zinawashtaki zaidi ninyi kuliko mimi ninavyoweza. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali iliamua watoto wote waingie shule ifikapo 1977, mpango ulioitwa UPE, na walimu hawakuwepo. Ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka madarasani huku wakijifunza, kwa redio, kwa masomo ya posta, na kwa waratibu na wakufunzi waliopita kuwaona wakifundisha. Walimu wa UPE wamechekwa sana, mara nyingine kwa haki. Hata hivyo, nchi isiyokuwa na simu vijijini iliona ni lazima mtu afike darasani kumtazama mwanafunzi wa ualimu akifanya kazi. Miaka thelathini baadaye, wakati shule za kata zinafunguliwa kila kona, tukawaleta wahitimu wa kidato cha sita waliopewa wiki chache za mafunzo. Wananchi wakawabatiza "voda fasta". Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata daraja sifuri, nchi ikalia, tume ikaundwa. Sisemi voda fasta peke yao ndio waliobeba mzigo ule, maana maabara hazikuwepo, vitabu havikuwepo, na lugha ya kufundishia ina kesi yake. Nasema tulishaona kwa macho yetu inakuwaje mtu anapopewa chaki kabla hajatazamwa akifundisha. Tofauti ni kwamba voda fasta waliharakishwa, sisi tumecheleweshwa, na katika hali zote mbili dawati la nyuma lilikuwa tupu.

Najua majibu yenu, kwa kuwa tumeshapigwa nayo danadana. La kwanza ni kwamba fedha za safari za wahadhiri hazikutosha. Nalielewa. Ila kwenye mchanganuo wa ada kulikuwa na mstari wa mazoezi ya kufundisha, na namba ya malipo ya mstari huo ilitoka siku ile ile, bila mtawanyiko wowote wa kijiografia. Tuseme fedha hazikutosha kweli. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho kazi yake tangu 2005 ni hiyo hiyo ya kuandaa walimu, nacho hakiko mbali na barabara hiyo hiyo kuu. Makete kuna Chuo cha Ualimu Tandala, chenye wakufunzi ambao kukagua mazoezi ya kufundisha ni ugali wao wa kila mwaka. Kila halmashauri ina wathibiti ubora wa shule, wanaolipwa kwa kazi ya kuingia madarasani. Makubaliano ya vyuo viwili kukaguliana wanafunzi hayahitaji Bunge, yanahitaji barua moja na posho ya siku chache. Hakuna aliyeiandika.

La pili ni kwamba wakuu wa shule wangeweza kutupa alama, lakini kanuni hairuhusu. Hapa naomba mchague upande mmoja. Ama mkuu wa shule na mwalimu mlezi, waliotuona wiki zote tukifundisha, tukisimamia zamu na kusahihisha madaftari, ni watu wa kuaminika, na basi alama zao zihesabiwe. Ama hawaaminiki, na basi msituachie mikononi mwao kipindi chote cha mazoezi bila kufika. Kuwaamini kwa kazi na kutowaamini kwa alama ni namna ya kuokoa fedha, si namna ya kulinda ubora.

La tatu huwa linasemwa kwa sauti ya chini, tena kwa huruma: ajira zenyewe hazipo, hata mngehitimu kwa wakati mngekaa tu nyumbani. Hili ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo nalijibu kwa uzito wake. Ni kweli, wakati wa usaili wa walimu ulioanza Januari 2025, waombaji walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Lakini hesabu hiyo inawaumbua ninyi. Pale ambapo nafasi ni nyingi, kukosa dirisha moja ni usumbufu. Pale ambapo nafasi ni chache na madirisha hufunguliwa serikali inapopata kibali, kukosa dirisha moja kunaweza kuwa ndiyo kukosa kazi. Nafasi zenyewe hutangazwa kwa masomo. Dirisha likibeba fizikia au hisabati leo, hakuna anayejua litakalofuata litabeba nini. Umri nao hausubiri Seneti ya chuo, kwa sababu matangazo ya utumishi wa umma huweka ukomo wa miaka 45, na wengi wa PGDE si vijana wa jana. Shule binafsi nazo zinataka cheti. Mtu akiwa na foleni ndefu mbele yake hana sababu ya kushukuru kwamba amezuiwa kuingia kwenye foleni.

Lipo na la nne, ambalo hamjaliandika popote ila linasikika kwenye korido: PGDE ni kimbilio la walioshindwa kwingine. Wapo, sikatai, kama walivyo kwenye sheria, kwenye benki na kwenye utumishi wa vyuo. Ila tangu Januari 2024 nchi ina mtaala mpya unaodai elimu ya amali, na amali haifundishwi na mtu aliyeisoma kitabuni. Mkoa kama Njombe, wenye parachichi, viazi, chai na mbao, unahitaji mwenye shahada ya kilimo au ya misitu aingie darasani kidato cha kwanza akiwa na ufundi wa kufundisha. Njia fupi ya kumgeuza mtu huyo kuwa mwalimu ni PGDE. Wizara inaihitaji kozi hii kuliko inavyokiri, lakini inaitendea kama mtoto wa kambo. Anayekwenda Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo kuchukua stashahada yake ya uzamili ana mwongozo wa mkopo kutoka Bodi ya Mikopo. Anayechukua ya ualimu anajilipia. Labda sheria za Newton hazimo kwenye orodha ya sheria zinazokopesheka. Na kwa sababu anajilipia, hana bodi inayokiuliza chuo fedha zimefanya nini, hana mbunge anayesimama kuuliza swali la nyongeza, na wala hana chama. Ana chuo tu, na chuo kikimwambia subiri, anasubiri mpaka dirisha linafungwa. Hapa nakala ya barua hii inawahusu Tume ya Vyuo Vikuu na Wizara moja kwa moja: mnahesabu wahadhiri na vitabu mnapoidhinisha programu, ni nani kati yenu anayehesabu vipindi vilivyokaguliwa?

Kwa hiyo, Profesa, naomba yafuatayo, na ninaomba kwa adabu niliyobaki nayo. Tunataka tarehe. "Suala linashughulikiwa" si tarehe, na "hivi karibuni" si tarehe. Tupeni siku ambayo wakaguzi watafika Makambako, wakiwa wenu au wa kuazima, au siku ambayo Seneti itakaa kupitisha alama za wakuu wa shule. Tunataka barua rasmi, yenye muhuri, inayosema kwamba kuchelewa ni kwa chuo na si kwa mwanafunzi, ili dirisha likifunguliwa kesho tuwe na cha kuambatanisha. Tunataka ratiba ya BTP ijayo itaje mkaguzi kwa kila kituo kabla wanafunzi hawajapanda basi, ili wanaokuja nyuma yetu wasije wakaandika barua kama hii. Na kama yote hayo hayawezekani, basi mstari wa mazoezi ya kufundisha kwenye ada yetu urudishwe, kwa kuwa huduma haikutolewa. Namba zetu za akaunti mnazo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhitimu mtarajiwa wa PGDE,
Makambako, Njombe