Nuru Inayopepesa Katika Picha za Majengo

Katika filamu za majengo zichorwazo kwa kompyuta, nasaha ya kuihesabu nuru mara moja, kisha kuihifadhi na kuitumia katika picha zote, yafaa pale tu kamera inapotembea ndani ya jengo lililotulia. Maana pindi mlango ufungukapo au mtu apitapo sebuleni, nuru iliyohifadhiwa hubaki na athari ya hali iliyotangulia, na kivuli kisicho na mwenyewe husalia sakafuni. Wala si tiba kuihesabu upya kwa kila picha, kwa sababu programu huchagua sampuli chache za nuru na kuyakisia yaliyo baina yake, na makisio hayo yakihitilafiana japo kidogo, basi katika picha 25 za kila sekunde jicho huyaona mawaa yakitambaa pembeni mwa dari, hasa kwenye kuta nyeupe zisizo na nakshi.

Watumiao V-Ray, mojawapo ya programu za kuchora picha za namna hii, wanayo njia ya wastani: ramani ya nuru hufanyizwa kwanza kwa kila picha, kisha, wakati wa kuzitoa picha zenyewe, ramani za picha jirani, zilizotangulia na zifuatazo, huchanganywa hata tofauti zikafifia. Lakini penye majani yatikisikayo na vitu vyembamba vingi, mimi naona afadhali kuyaacha makisio kabisa na kuifuatilia miale ya kila nukta, ijapokuwa gharama ya muda ni kubwa, kwani chembechembe zinazosalia pichani huenea sawasawa, na sampuli zikiongezwa hupungua.