Ngome ni ya ukoo, historia ni ya nani?

Kila mwaka ninapofundisha asili ya maneno, hakosi kuzuka mwanafunzi anayeshikilia kwamba "simba" la Kiswahili na "Singh", jina la wanaume wa Kisikh, ni neno moja. Maana ni ile ile, asema, na sauti zinakaribiana. Humjibu kwamba "Singh" lina mizizi katika Kisanskriti, ilhali "simba" ni la Kibantu. Mfanano wa sura si ushahidi wa udugu. Hadhari hiyo humfaa pia kila atakaye kuijua historia kwa kuyatazama majengo.

Tuchukue mfano wa ngome ya Nalagarh, katika jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Ilijengwa mwaka 1421, na katika zama zetu ukoo wa watawala wa zamani uliigeuza kuwa hoteli. Sababu yake yaeleweka. Baada ya uhuru wa 1947, falme ndogo zilimezwa na taifa jipya. Watawala wake waliachiwa majumba na kulipwa posho na Serikali. Mwaka 1971 katiba ilirekebishwa na posho hiyo ikafutwa. Lakini paa la ngome halijui katiba. Masika yakifika huvuja. Baadhi ya koo ziliyaacha majumba yakaporomoka, na nyingine zikawafungulia wageni milango ili walipie ukarabati.

Mgeni anayezuru turathi za Masingasinga hupata malazi mema huko Nalagarh, kwani Anandpur Sahib haiko mbali. Mji huo uliasisiwa mwaka 1665 na Guru Tegh Bahadur, Guru wa tisa, ambaye utawala wa Mughal ulimuua huko Delhi mwaka 1675. Ni hapo Anandpur, mwaka 1699, mwanawe, Guru Gobind Singh, alipoanzisha Khalsa, umoja wa waumini waliobatizwa, ambamo wanaume huitwa Singh na wanawake Kaur.

Hapo ndipo penye fundo. Dola ya kale ya Nalagarh iliitwa Hindur, na mtemi wake, Hari Chand, alikuwa miongoni mwa maadui wa Guru katika vita vya Bhangani vya mwaka 1688. Masimulizi ya Kisikh yanasema aliuawa vitani humo. Miaka michache baada ya kuanzishwa kwa Khalsa, watemi wa milimani walishirikiana na majeshi ya Mughal kuuzingira Anandpur hadi Guru akauhama. Basi mgeni anayetoka kuhiji Anandpur mchana hulala usiku katika nyumba ya upande wa pili wa vita.

Wapo wasemao kwamba turathi zisiachwe mikononi mwa koo, kwa kuwa ukoo utauza hadithi inayoupamba. Hoja hiyo ina uzito. Nani atamwambia mgeni wake aliyelipa kwamba babu zake walikuwa wachokozi? Lakini tukiwapokonya wenye nyumba, tumkabidhi nani?

Tuseme waumini wenyewe? Mnamo Machi 2019, huko Tarn Taran katika jimbo la Punjab, watu wa huduma ya kujitolea walianza usiku kubomoa sehemu ya juu ya Darshani Deori, lango la kale la hekalu lililodumu tangu karne ya 19. Hawakuwa maadui wa dini. Walitaka kujenga upya kwa heshima. Ni Masingasinga wenzao waliopiga kelele hadi kazi ikasimamishwa. Mapenzi yasiyo na maarifa yaweza kubomoa kama uadui.

Tuseme Serikali basi? Mwaka 2011 jumba kubwa la makumbusho, Virasat-e-Khalsa, lilifunguliwa Anandpur, na lina manufaa makubwa kwa wanafunzi. Hata hivyo, jumba hilo ni jipya. Linaihifadhi simulizi, haliwezi kulihifadhi jiwe lililo kwingineko.

Kwa maoni yangu, kosa ni kumtafuta mlinzi mmoja. Ukoo una maslahi, waumini wana maslahi, na Serikali vilevile. Historia husalimika pale walinzi hawa wanapochungana, na pale msomaji anapowasikiliza wote kabla ya kuamua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini hata aliyekilalia amekijua kitanda kimoja tu.

Jambo hili latuhusu Wakenya. Mwaka 2017 Serikali iliwatambua wananchi wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Kutambuliwa ni jambo moja, kujulikana ni jingine. Wanafunzi wangapi wanajua kwamba Makhan Singh alidai uhuru wetu hadharani jijini Nairobi mwaka 1950, akafungiwa kizuizini hadi 1961? Kwa wengi, "Kalasinga" ni neno la kutajia fundi wa magari na kilemba chake, basi.

Nasi hatuhitaji nauli ya kwenda India ili tuanze. Hekalu la Masingasinga la Makindu, kando ya barabara ya Nairobi na Mombasa, lilijengwa mwaka 1926, na asili yake ni kambi ya wajenzi wa reli. Msafiri wa dini yoyote hupewa humo chakula na malazi bila kulipishwa. Mwalimu na awapeleke wanafunzi wake. Wale kwa adabu, waulize, waandike. Kisha wakirudi, wayalinganishe waliyoambiwa na yaliyomo vitabuni na katika nyaraka za taifa. Mahali yatakapotofautiana, hapo ndipo somo la historia litakapoanza.