Somo Yako ni Yupi?

Neno "somo" lina maana zaidi ya moja. Darasani ni lile tufunzwalo na mwalimu. Mtaani ni mtu uliyeitwa naye jina moja. Na kwa wenzetu Wakatoliki, ni mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake, ili amheshimu, aige mwenendo wake na kumwomba amwombee kwa Mungu. Maoni yangu ni kwamba kuwa na somo wa kanisani bila kujifunza habari zake ni bure kabisa.

Hapa kwetu Bondeni jambo hili halitaki mfasiri. Simama barazani uite "Ali!" uone watageuka wangapi. Ndiposa tukawa na Ali wa fulani, Ali mrefu na Ali wa mahamri. Deni la Ali huyu hadaiwi Ali yule. Lakini muulize mwanafunzi aitwaye Francis somo yake ni yupi, atakwambia, "Si Mtakatifu Fransisko, bwana! Kwani wako wangapi?"

Wako wengi! Fransisko wa Assisi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 4 Oktoba, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa nguo huko Italia. Aliacha mali akaishi kimaskini. Mwaka 1219, vita vya msalaba vikiwa vimepamba moto, alikwenda Misri akazungumza na Sultani al-Kamil bila ya upanga mkononi. Fransisko Xavier, wa tarehe 3 Desemba, ni Mjesuiti aliyepita pwani yetu hii. Mwaka 1542, akielekea Goa, alitua Malindi akazungumza na Mwislamu mmoja mheshimiwa aliyesikitika kuwa watu wamelegea katika kusali. Wa tatu, Fransisko wa Sales, wa tarehe 24 Januari, ndiye somo wa waandishi wa habari. Sisi wa gazeti hili tusimsahau!

Hata Papa Fransisko, aliyechaguliwa mwaka 2013 na kufariki mwaka 2025, ilibidi aeleze. Kwa kuwa alikuwa Mjesuiti, wengine walidhani jina ni la Xavier. La hasha! Alisema ni la yule wa Assisi, kwa ajili ya maskini. Basi ikiwa Papa alieleza, sisi ni nani?

Tusidhani haya ni ya Wazungu tu. Miongoni mwa mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, wamo Mukasa watatu. Yosefu Mukasa Balikuddembe alimkemea Kabaka Mwanga kwa kumuua Askofu Hannington, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Adolfu Mukasa Ludigo na Mukasa Kiriwawanvu waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Huyo Kiriwawanvu aliwahi kugombana na mwenziwe Gyavira, na leo wote wawili ni watakatifu. Je, kijana mwenye hasira za karibu hatapata faraja kwa somo kama huyo? Lakini ataipataje ikiwa kwake Mukasa wote ni mmoja?

Najua wako watakaosema, "Jina ni jina tu, Mungu ajua nia." Ni kweli Mungu ajua. Lakini sisi ndio tunaoambiwa tuige, na huwezi kumuiga usiyemjua. Heshima ya mdomo bila habari ni sawa na kumsalimu mgeni kwa jina la jirani yake.

Wenzangu, muulizeni mzazi au padri ni nani hasa mliyepewa jina lake. Nanyi akina Ali na Khadija msicheke, swali hili ni lenu pia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.