Digrii Moja si Jambo Dogo

Mkazi wa Kansanga, kando ya barabara iendayo Ggaba, akiulizwa juu ya majira ya mwaka hutaja mvua na kiangazi. Joto na baridi hazitaji. Sababu i wazi. Kampala iko karibu na Ikweta, katika kimo cha mita 1,200 hivi, na Ziwa Victoria li jirani. Kwa hiyo wastani wa joto la Februari hupita ule wa Julai kwa digrii mbili hivi tu. Mjini Moscow tofauti ya Januari na Julai huzidi digrii 20.

Hapa ndipo penye uzito. Digrii moja ikiongezeka huko ni sehemu ndogo ya mabadiliko ya mwaka. Kwetu ni karibu nusu yake. Lakini ngozi ya mtu haiwezi kulitambua ongezeko hilo. Latambuliwa na daftari lililoandikwa kila siku kwa miaka 30, muda uliokubaliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na idara ya pamoja ya hali ya hewa ikavunjika nayo. Machafuko ya Uganda ya miaka ile yakaacha mapengo katika kumbukumbu za vituo vingi.

Askari polisi ajua kwamba ukurasa ukichanwa katika kitabu cha matukio, kesi huweza kuanguka. Ndivyo ilivyo hapa. Kukilinda kisanduku cheupe cha vipimajoto ni kulinda ushahidi wa taifa. Pengo la leo hakuna atakayeliziba kesho.