Binti Mwigizaji Alipwe

Ndugu wazazi wa Nchelenge, Zambia, wenyeji pamoja nanyi mliokimbia vita Kongo mkapokewa katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala tangu mwaka 2018, neno langu leo ni juu ya binti anayependa kuigiza. Msimkemee. Afunzwe, na akifanya kazi alipwe.

Najua yasemwayo barazani: mwigizaji ni mhuni, ataharibika. Lakini mwaka 2017 mtoto wa Kizambia, Maggie Mulubwa, ambaye uigizaji haukuwa kazi yake, alionekana kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, katika filamu I Am Not a Witch. Anaigiza Shula, mtoto anayesingiziwa uchawi na kupelekwa kambini kwa vikongwe, kila mmoja amefungwa utepe mweupe asije akaruka angani. Mtoto yule hasemi sana. Ananyamaza tu, na mtazamaji anaona haya kwa kila bibi aliyewahi kusingiziwa vivyo hivyo kijijini kwake. Mahubiri mangapi yamefanya hivyo?

Mwongozaji wa filamu hiyo, Rungano Nyoni, mzaliwa wa Lusaka aliyekulia Wales, alipata tuzo ya filamu ya Uingereza, BAFTA, mwaka 2018. Naye alisomea uigizaji London. Hakuokota ujuzi njiani. Mwaka 2024 alirudi Cannes na On Becoming a Guinea Fowl, mhusika mkuu akiwa Susan Chardy, Mwingereza mwenye asili ya Zambia. Humo ndugu wanaomboleza, wanagombana na kufichiana aibu za ukoo kwa Kibemba, Kibemba hiki hiki tunachopatania bei ya samaki wadogo wa chisense pale sokoni Kashikishi. Wazungu waliketi kimya wakakisikiliza.

Sasa tazameni kwetu. Ikitakiwa watu walale ndani ya chandarua, maana malaria inatumaliza, huitwa nani? Huitwa mabinti hao hao waigizaji, waje kuigiza sokoni ufukweni. Binti hujifunga kitenge tumboni akaigiza mjamzito, akabishana na mume aliyegeuza chandarua kuwa wavu wa kuvulia, sauti yake ikishindana na injini za boti. Wachuuzi huacha mizani wakamjibu kana kwamba ugomvi ni wa kweli. Akimaliza hupewa soda na makofi. Mwenye spika amelipwa, mwenye hema amelipwa, dereva amelipwa. Huo ni udhalimu, nami sitauita kwa jina jingine.

Msiniambie hakuna nafasi ya kuwafunza. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na vijana hukaa bure ufukweni. Walimu, wafungulieni darasa moja jioni, wasome maneno, wajifunze kupaza sauti bila kupiga kelele. Akina mama wa makanisa, ketini nao ili mzazi asiwe na hofu. Nanyi mnaoandaa kampeni, andikeni ujira wa waigizaji kwenye bajeti pamoja na mafuta ya gari, na mwape mkononi siku ile ile, kabla hema halijakunjwa.