Chipu Moja, Mifuko Miwili: Kuitetea The Guardian Legend

Mshika mbili moja humponyoka. Kwa miaka mingi methali hiyo ndiyo imekuwa hukumu ya The Guardian Legend, gemu iliyoundwa na kampuni ya Compile ya Japani. Irem waliitoa huko mwaka 1988 kwa jina la Guardic Gaiden, na mwaka uliofuata Broderbund wakaiuza Marekani kwa ajili ya mashine ya Nintendo ya biti 8. Ulimwengu uitwao Naju, uliojaa viumbe wabaya, unakuja kwa kasi kuelekea Dunia. Kazi yako ni kuingia ndani yake na kuwasha mitambo 10 ili ujilipue. Wakati mwingine unatembea kwa miguu katika mzingile wa vyumba, ukitazamwa kutoka juu, ukitafuta funguo na silaha. Ukifika kwenye ushoroba na kuufungua, mhusika wako hugeuka ndege ya kivita, skrini huanza kusogea yenyewe, na kinachobaki ni kufyatua risasi hadi ukutane na jitu la mwisho.

Wanaoihukumu husema hivi: sehemu ya angani ni ya daraja la juu, ya miguuni ni ya kujazia nafasi. Compile wangebaki na ndege yao, mzingile wakawaachia Nintendo.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Compile walikuwa mafundi wa michezo ya ndege. Zanac yao ya mwaka 1986 ilikuwa inaupima uchezaji wako na kuongeza au kupunguza ukali wa maadui kadiri unavyocheza, jambo la kushangaza kwa wakati ule. Ukiiweka sehemu ya miguuni ya The Guardian Legend kando ya The Legend of Zelda ya mwaka huohuo wa 1986, upungufu unaonekana. Vyumba vingi vinafanana. Maadui wa ardhini hawana hila nyingi. Majitu yaleyale hurudi yakiwa na rangi nyingine na nguvu zaidi. Ili kuendelea ulipoishia unatakiwa kunakili nywila ya herufi na tarakimu 32, na ukikosea moja tu, haikubaliki. Yote hayo ni kweli na sina nia ya kuyafunika.

Kosa la hukumu hiyo ni kuipima kila nusu peke yake, kana kwamba ziliuzwa katika katriji mbili. Kinachoifanya gemu hii isimame kiko kwenye chipu.

Chipu ndizo unazookota kwa maadui unaowaua, ardhini na angani. Ndizo fedha: ukikuta duka katika mzingile, unalipa kwa chipu. Na hizohizo ndizo risasi za silaha zako za ziada. Bunduki ya kawaida hupiga bila kikomo, lakini kila ukitumia silaha nzito unakuwa umeingiza mkono mfukoni mwako. Zelda ya kwanza ilikuwa na chembe ya wazo hili, maana kila mshale uliofyatua ulikugharimu rupia moja ya mchezo. Pale lilikuwa jambo la pembeni, la silaha moja kati ya nyingi. Compile walilichukua wakalifanya uti wa mgongo, na wakalipitisha katika aina zote mbili za mchezo. Silaha uliyoinunua ukiwa kwa miguu ndiyo hiyohiyo unayopaa nayo. Chipu ulizozimwaga juu ya jitu ulilokuwa unaliogopa ndizo zitakazokosekana mbele ya muuzaji vyumba vichache baadaye.

Kwa hiyo swali la kila dakika si kama unajua kukwepa risasi tu. Ni kama shambulio hili lina thamani ya kile ambacho hutaweza kukinunua. Mchezo wa ndege mtupu hauwezi kukuuliza swali hilo kwa sababu hauna pa kwenda kununua kitu, na mzingile mtupu hauwezi kuliuliza kwa ukali huo kwa sababu ndani yake daima una nafasi ya kurudi nyuma na kupumua. Katika ushoroba hakuna kurudi nyuma. Skrini inasogea, na umeingia na ulichokuwa nacho mlangoni.

Tazama jinsi hali hii ilivyo tofauti na Gradius ya Konami ya mwaka 1985, ambayo wengi waliichukua kuwa kipimo cha michezo ya ndege. Pale risasi moja inakumaliza, na nguvu zote ulizojikusanyia zinapotea nawe. Kila kitu kinaishi na kufa ndani ya safari moja ya angani. The Guardian Legend inakupa mita ya uhai, na kikomo cha mita hiyo unakiongeza kwa vitu unavyovipata. Mzembe wa mzingileni huonekana angani. Anayelalamika kwamba ushoroba fulani ni mgumu kupita kiasi, mara nyingi analalamikia kona za ramani alizoziruka kwa kuamini kwamba kutembea ni kujazia.

Simaanishi kwamba kila mchanganyiko hufaulu. Sigma Star Saga, iliyotengenezwa na WayForward mwaka 2005 kwa ajili ya Game Boy Advance, ilijaribu njia ya karibu: unatembea, kisha unaitwa angani kupigana. Lakini huko mwito unakuja wakati wowote bila wewe kuamua, na ndege unayotupwa ndani yake huichagui. Nyingine ni kubwa mno kwa njia unayotakiwa kuipitisha. Hapo methali ina haki yake, kwa sababu kutembea kwako hakuamui unaruka lini wala kwa chombo gani. Naju ni kinyume chake. Mlango wa ushoroba unauona, pengine inakubidi kwanza kulifumbua fumbo lake ndipo ufunguke, kisha unaamua mwenyewe: niingie sasa, au nikaongeze akiba kwanza?

Wapo wanaokiri uhusiano huo lakini wakasema vyumba vingeweza kuwa na mengi zaidi. Vingeweza. Ila mashine yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu, na haikuweza kuonyesha zaidi ya vipande 8 vya picha zinazotembea katika mstari mmoja wa skrini. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliijua kupitia nakala zake za bei nafuu zilizokuja na Contra na Battle City, gemu za jambo moja lililofanywa vizuri, na huenda ndiko tulikozoea kuamini kwamba gemu nzuri sharti iwe ya jambo moja. Ndani ya udogo huohuo Compile waliingiza shoroba 22 na ramani nzima ya kuziunganisha. Wapo wanaouita ukavu wa vyumba hivyo uvivu. Mimi nauona kuwa bei waliyokubali kuilipa, na nadhani walilipa mahali pazuri.

Ushahidi ambao wapinzani huupenda kuliko wote ni ule wa nywila ya TGL. Ukiandika herufi hizo tatu, gemu inauondoa mzingile na kukupitisha katika shoroba tu, moja baada ya nyingine. Husema: waundaji wenyewe walijua wapi pana utamu. Nawasihi waicheze hivyo, mwanzo hadi mwisho. Risasi ni zilezile, muziki ni uleule, majitu ni yaleyale. Lakini hakuna duka, na chipu imebaki na kazi moja tu, ya kufyatuliwa. Huna tena sababu ya kuibana silaha nzito mbele ya jitu na kuhangaika na bunduki ya kawaida kwa ajili ya kitu ulichokiona kinauzwa huko nyuma, ukiwa umebakiwa na uhai kidogo na huna hakika kama uamuzi wako ulikuwa sahihi.